Wapagazi wa Maniema bado wanangoja okestra yao

*Onyesho lililounganisha okestra, michoro na vivuli limewakumbuka wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia mbele ya watazamaji wa London na New York. Waliobebea Ubelgiji, wakiwamo watu wa njia ya Kabambare, hawajatungiwa kitu.*

Jengo la Tate Modern, London, lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme kabla ya kuwa jumba la sanaa. Ukumbi wake mkuu ndimo ilimokaa mitambo. Julai 2018 humo lilijengwa jukwaa jembamba lenye urefu wa mita 50 hivi, hata mtu aliyekaa katikati hakuweza kuona ncha zote mbili bila kugeuza shingo.

Juu yake watu wanapita kwa mstari. Vichwani na mabegani wamebeba mizigo na maumbo yaliyokatwa kwenye karatasi ngumu. Taa zinawamulika kutoka mbele, na nyuma yao vivuli vinainuka ukutani, vikubwa kuliko wenyewe, vikitembea juu ya ramani na michoro ya mkaa inayorushwa na projekta. Okestra inapiga. Kuna fidla, kuna tarumbeta, kuna na kora ya N'Faly Kouyaté wa Guinea. Waimbaji wa Afrika Kusini wanaimba kama walio kanisani, mara wimbo unakatika na kuwa amri za gwaride.

Kazi hiyo inaitwa *The Head & the Load*. Aliyeibuni ni William Kentridge, mchoraji wa Johannesburg aliyezaliwa 1955. Muziki ni wa Philip Miller na Thuthuka Sibisi, na Gregory Maqoma ndiye aliyepanga miondoko. Kutoka London ilikwenda Duisburg, Ujerumani, kisha New York Desemba ya mwaka huohuo. Johannesburg iliiona 2023.

Habari yenyewe ni ya wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelezo ya kuitambulisha kazi hiyo yanasema waliyabebea majeshi ya Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Ubelgiji haimo.

Mhariri aliponipa kazi hii aliniuliza swali moja tu: mambo ya okestra na michoro yanaihusuje Kabambare? Jibu liko katika pengo hilo.

Njia ya pembe, njia ya vita

Kabambare ipo kusini mwa Maniema, mashariki ya Kongo, kwenye njia ya zamani kati ya Kasongo na Ziwa Tanganyika. David Livingstone alifika hapo 1869, na 1870 vidonda vya miguu vilimlaza kwa miezi. Karatasi zilipomwishia alishona kurasa za magazeti makuukuu akaandika juu ya chapa, kwa wino wa kubahatisha. Wakati huo misafara ya pembe za ndovu ilikuwa imeshaizoea njia hiyo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe hizo, akaifanya Kasongo kuwa mji wake mkubwa.

Aprili 1893 Kasongo ikaanguka mikononi mwa Francis Dhanis na jeshi la Dola Huru ya Kongo. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kabambare. Mwaka 1898 askari walioasi wakaiteka tena Kabambare kutoka kwa Wabelgiji. Bendera zilibadilika, mpagazi akabaki yuleyule, na mzigo wake wa kilo 25 hadi 30 kichwani.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Ubelgiji ilikuwa imevamiwa kwao Ulaya, lakini huku iliandaa jeshi la Force Publique kuishambulia Afrika Mashariki ya Wajerumani. Chini ya Jenerali Charles Tombeur askari hao walivuka mpaka 1916, wakaingia Kigoma Julai na Tabora tarehe 19 Septemba. Mwaka uliofuata walifika Mahenge.

Askari walikuwa elfu kumi na kitu. Wapagazi, kwa hesabu inayotajwa sana na wanahistoria, walikuwa 260,000.

> Askari elfu kumi na kitu. Wapagazi 260,000.

Waliokotwa mashariki yote ya Kongo, na Maniema ilitoa watu na ilitoa mchele. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani 1915, lakini reli haimfuati askari milimani. Kutoka ziwani kwenda mbele, risasi, unga na machela ya majeruhi vilikwenda kwa kichwa. Kuhara damu na homa ya mapafu viliua zaidi ya bunduki, hasa katika baridi ya nyanda za juu za Rwanda na Burundi, ambako mtu wa bonde la Lualaba alifika na kitambaa kimoja kiunoni. Mwaka 1917, vita bado vinaendelea, serikali ya koloni ikaleta sheria ya kilimo cha lazima. Asiyebeba akalima.

Upande wa Waingereza walichukuliwa wapagazi wapatao milioni moja, na hesabu rasmi ya waliokufa ni kama 95,000. Hao angalau wana soko la Kariakoo Dar es Salaam linalobeba jina la kikosi chao, na Nairobi wana sanamu ya 1928 ambayo mpagazi amesimama pamoja na askari. Brussels kuna mnara wa Tombeur, aliyepewa hata jina la ukoo la "Tombeur wa Tabora". Kabambare hakuna mnara wa aliyembebea Tombeur.

Kirangozi na joho jekundu

Kuna dhana kwamba kuunganisha muziki mzito na sanaa za kuchora na kuchonga, mbele ya watu, papo kwa papo, ni ubunifu wa Ulaya wa juzi. Kwa Ulaya huenda. Kwa njia hii ya misafara, sivyo.

Richard Burton, aliyesafiri na wapagazi kutoka pwani hadi Ujiji 1857 na 1858, alieleza kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alivyotoka asubuhi: joho la nguo nyekundu lenye tundu la kupitishia kichwa, ngozi ya mbega mabegani, manyoya kichwani, na mpiga ngoma nyuma yake. Wapagazi waliitikia. Msafara wa watu mia kadhaa ulikuwa na sauti yake na sura yake, na kijiji kilijua nani anakuja kabla hajaonekana.

Kaskazini kidogo, Pangi, Walega walikuwa na Bwami, chama cha kupandishana daraja ambacho serikali ya koloni ilikipiga marufuku 1948. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Kibelgiji aliyeishi nao miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu jinsi kazi ya Bwami ilivyokwenda. Barakoa ndogo ya mti iitwayo lukwakongo haikuwa ya kuvaliwa usoni tu. Iliweza kushikwa mkononi, kuning'inizwa kwenye uzio, au kuburutwa chini kwa ndevu zake za nyuzi, na kila tendo lilikuwa na wimbo wake na methali yake. Kinyago bila wimbo kilikuwa nusu ya maneno.

Leo kinyago hichohicho kimefungiwa kwenye kabati la kioo, na taa imewekwa vizuri. Makumbusho imekionyesha na imekinyamazisha.

Kabambare yenyewe ina Wabuyu, ambao vitabu vya sanaa vya Ulaya vinawaita pia Boyo. Sanamu zao za mababu, zenye mabega mapana na mikono iliyobana tumbo, ziko katika makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels na katika mikusanyo mingine. Biebuyck alizichambua katika kitabu cha 1981. Mtoto anayesoma Kabambare leo ana nafasi kubwa zaidi ya kuiona sanamu ya babu yake kwenye simu kuliko mbele ya macho yake.

Wakongo wameshaanza

Vipande vya kazi ya aina hii vipo Kongo, tena vya kiwango cha juu.

Serge Kakudji, mwimbaji wa Katanga mwenye sauti ya juu kuliko kawaida ya mwanamume, alisimama 2014 katika *Coup Fatal*, onyesho lililoongozwa na Alain Platel kwa muziki wa kale wa Ulaya uliopigwa upya na wanamuziki wa Kinshasa. Mchongaji Freddy Tsimba alilitengenezea pazia la maganda ya risasi. Mtu akipita katikati yake, pazia linalia. Mapambo ya jukwaa yamegeuka ala ya muziki, na kila mtu anajua ala hiyo imetokana na nini.

Januari 2024 Kakudji huyohuyo aliimba Geneva katika opera ya *Justice*, muziki wa Mhispania Hèctor Parra, maneno ya Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi, chini ya mwongozaji Milo Rau. Opera hiyo inasimulia ajali ya 2019, lori la tindikali lilipogonga basi katika kijiji cha Katanga. Picha za filamu zinaonyeshwa juu ya jukwaa wakati waimbaji wako chini. Ni muziki wa kiklasiki wa leo, ulioandikwa kwa noti, kwa msiba wa leo.

Faustin Linyekula wa Kisangani alifanya kingine. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilipomwalika 2017, alikuta stoo sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake. Kabla ya kucheza mbele yake alirudi kwanza kijijini kwao, na kazi iliyotoka aliipa jina la kijiji hicho, *Banataba*. Mpangilio huo, kijiji kwanza na New York baadaye, ndio ninaoupenda zaidi katika orodha hii yote.

Yupo na Sammy Baloji wa Lubumbashi, aliyeitumia katika kazi yake sauti ya Albert Kudjabo. Huyu Kudjabo alikuwa Mkongo aliyejikuta Ubelgiji vita vilipoanza, akapigana, akatekwa. Wataalamu wa Kijerumani walimrekodi kambini akiimba, akipiga mluzi na kuzungumza kwa ngoma. Sahani za rekodi hizo bado zipo Berlin. Baada ya vita yeye na Paul Panda Farnana walikuwa katika Union Congolaise, umoja ulioundwa Brussels 1919, wakidai Wakongo waliopigana watambuliwe.

> Lubumbashi, Kisangani na Kinshasa zimeshatoa kazi zao. Maniema, iliyobeba, bado.

Wanaopinga wana hoja

Ukilileta jambo hili mbele ya watu wa Kabambare, swali la kwanza litakuwa la barabara. Kutoka Kasongo, bidhaa nyingi bado zinasukumwa kwa baiskeli: dumu za mawese pande mbili, gunia la mchele juu, na fimbo iliyofungwa kwenye usukani ili msukumaji ashike kwa mbali. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, uliotangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, ulisimamishwa 2019 kwa sababu ya usalama. Katika hali hiyo mtu akisema fidla, ataonekana hana kazi.

Hoja hiyo ni nzito, ila haiui hoja nyingine. Barabara haijawahi kukosa kujengwa kwa sababu fedha zililiwa na okestra.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo linatoka kwa wasanii wenyewe. Je, ni halali kuyageuza mateso kuwa kitu kizuri cha kutazamwa na aliyenunua tiketi? Mtazamaji wa London anatoka amesisimka, anakwenda kula. Kentridge ni mtoto wa wakili Sydney Kentridge, aliyewatetea washtakiwa wa kesi ya uhaini akiwamo Nelson Mandela, na kazi yake yote imezaliwa katika vita dhidi ya ubaguzi. Hilo linampa heshima. Halimpi haki ya kuwa msemaji wa marehemu wa Maniema, naye hajaidai.

Kwa maoni yangu, uzuri si kosa. Wapagazi wenyewe waliimba. Kosa ni pale uzuri unapokwenda upande mmoja tu: picha, nyimbo na hadithi zinatoka, na kinachorudi ni kipande cha video cha dakika tatu.

Wa tatu wanauliza kwa nini iwe muziki wa kiklasiki hata kidogo. Kasongo na Kabambare zina ngoma, zina kwaya za Kikatoliki na za Kiprotestanti, zina dufu na dhikri za tarika ya Kadiria zilizoingia Maniema miaka ya 1920 na kusumbuliwa sana na Wabelgiji. Kuna na kumbukumbu ya fanfare ya jeshi na ya misheni. Fidla ya nini?

Hapa sikubaliani nao kabisa, na sababu ni ya kiufundi. Kazi iliyoandikwa kwa noti inaweza kupigwa Kindu mwaka huu, Kisangani mwakani, na Dar es Salaam baada ya mtunzi kufa. Inawalazimisha watu wa dufu na watu wa kwaya, ambao hapa hukutana kwenye misiba na harusi, kusubiriana kwa hesabu. Joseph Kiwele wa Katanga alilijua hilo miaka ya 1950 alipoandika misa na nyimbo kwa noti, kabla ya kutunga wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga 1960. Si lazima fidla iwepo. Karatasi ndiyo iwepo.

Umeme ukikatika

Gharama inatisha ukiiangalia kwa macho ya Tate. Tuiangalie kwa macho ya Kinshasa.

Armand Diangienda, mjukuu wa nabii Simon Kimbangu, alikuwa rubani. Alipopoteza kazi ya urubani akaanzisha 1994 Okestra ya Kimbangu, wanamuziki wasiojua noti, ala chache za kupokezana: mmoja anapiga dakika ishirini, anampa mwenzake. Uzi wa fidla ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Filamu ya *Kinshasa Symphony* ya 2010 inawaonyesha wakiendelea kupiga baada ya umeme kukatika, gizani, kwa kuwa sehemu zao wameshazishika kichwani. Baadaye Diangienda akaanza kutunga simfonia zake mwenyewe.

Waya wa breki Kabambare haukosekani.

Kwa upande wa picha, urahisi ni mkubwa zaidi. Kabla ya majukwaa ya mita 50, Kentridge alitengeneza 1999 filamu fupi, *Shadow Procession*, kwa vipande vya karatasi nyeusi vilivyochanwa kwa mkono na kuunganishwa kwa waya, na muziki wa kodiani wa Alfred Makgalemele, mpiga muziki wa mitaani wa Johannesburg. Kwa mbinu hiyo, shuka jeupe, jenereta moja na balbu moja yenye nguvu vinatosha kuujaza uwanja wa shule vivuli. Jenereta ikizima, kuna taa ya pikipiki. Watoto wa shule wanaweza kukata maumbo kwenye maboksi ya sabuni kwa wembe, na mchongaji akawaonyesha mabega ya Wabuyu yalivyokaa.

Nguo ya kirangozi ipo sokoni. Ngoma zipo.

Kisichokuwepo

Sanamu ni jambo jingine. Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu takriban 84,000 vilivyo Tervuren, na Julai mwaka huo ikawa na sheria ya kuruhusu vitu virudishwe. Juni, kati ya matukio hayo mawili, Mfalme Philippe alileta Kinshasa barakoa kubwa ya Kakuungu ya Wasuku, kwa mkopo, katika makumbusho ya taifa yaliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini na kufunguliwa 2019. Kitu kimoja, kwa mkopo. Mtunzi atakayesubiri sanamu za Wabuyu zifike Kabambare kwa mkondo huo atazeeka.

Sanamu zinaweza kukosekana na kazi ikafanyika. Majina hayawezi. Kenya watafiti waliwahi kuwahoji wapagazi wenyewe wangali hai, na Geoffrey Hodges akachapisha kitabu chake juu ya kikosi cha Waingereza 1986. Kwa Maniema, aliyeondoka na kilo 30 kichwani 1916 hayupo tena, na mtoto aliyemsikia akisimulia ana miaka zaidi ya themanini. Upande wa pili, makaratasi ya utawala wa koloni yako Brussels, mengi kwa Kifaransa, katika nyaraka za dola ambazo mtu anaweza kuomba kuzisoma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya mpiga fidla wala mchoraji. Inahitaji mtu mmoja Brussels wa kufungua mafaili ya Kasongo na Kabambare ya 1914 hadi 1918 na kunakili majina, na mwingine huku mwenye kinasa sauti na muda, akae na wazee wa hapa, wa Wabangubangu na Wabuyu, kijiji kwa kijiji, asiwaulize vita, awaulize nyimbo za kubebea mzigo. Wa Brussels anaweza kwenda wakati wowote, mafaili hayaendi popote. Huyu wa huku ndiye mwenye haraka.